Umejiandikisha Mbio Ndefu na Mazoezi ni Haba: Mambo ya Kupima Kabla ya Siku Yenyewe

Mbio za barabarani si jambo la wanariadha peke yao tena. Taasisi, mabenki, shule, nyumba za ibada na halmashauri huandaa mbio za hisani kwa ajili ya kuchangia madawati, wodi za wazazi au miradi ya maji. Mtu wa kawaida hulipa ada, hupewa fulana na namba ya kifuani, naye hujikuta amejifunga kukimbia kilomita 10, 21 au hata 42. Kwa maana hiyo, mshiriki ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote. Amenunua huduma, na huduma hiyo ina faida zake, masharti yake na hatari zake.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa ofisi mjini Bunda. Wenzake wamejiandikisha kwa kundi katika mbio za kilomita 21, naye hakutaka kubaki nyuma. Ada imeshalipwa, na zimebaki wiki tatu. Mara ya mwisho alikimbia akiwa shuleni. Kila siku hutoka nyumbani kwa bodaboda, hukaa kitini hadi jioni, na hurudi kwa bodaboda. Je, aende au asiende? Akienda, aende vipi? Makala haya yamekusudiwa kumsaidia yeye na wengine walio katika hali kama yake mjini Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko mkoani Mara.

Ni nini hasa kinachokosekana kwa asiyefanya mazoezi

Watu wengi hudhani kwamba kinachomshinda mtu asiye na mazoezi ni pumzi tu. Pumzi ni sehemu mojawapo, wala si iliyo ngumu kuliko zote. Moyo na mapafu huanza kuzoea kazi mpya ndani ya wiki chache. Kano, maungio na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo sababu mtu mwenye ari hujiona amepata nguvu baada ya wiki mbili za mazoezi, akaongeza umbali ghafla, kisha goti au kisigino kikamsaliti. Pumzi imekwenda mbele, na miguu imeachwa nyuma.

Jambo la pili ni akiba ya nishati. Mwili huhifadhi wanga katika ini na katika misuli. Kwa mkimbiaji wa kawaida, akiba hiyo hutosha takribani saa moja na nusu hadi saa mbili za kukimbia mfululizo. Ikiisha, miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe, na mtu hushindwa hata kutembea sawasawa. Mazoezi ya muda mrefu huufundisha mwili kuitumia akiba hiyo kwa uchache na kuchanganya na mafuta. Asiyefanya mazoezi huimaliza mapema, hasa akianza kwa kasi.

Jambo la tatu ni joto. Mkoa wa Mara uko karibu na mstari wa ikweta, na jua likishapanda, jasho ndilo tegemeo kuu la mwili katika kujipoza. Mtu aliyezoea mazoezi huanza kutokwa na jasho mapema na kwa wingi zaidi. Asiyezoea huhifadhi joto ndani ya mwili, na hapo ndipo hatari kubwa inapoanzia.

Funzo la wale waliotutangulia

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, kando ya Ziwa Viktoria mkoani Mara, alipata medali ya fedha katika mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, akashinda tena mwaka 1988. Tukiihesabu miaka iliyopita kati ya medali ile na ushindi wa kwanza wa Berlin, tunapata saba. Hata kwa mwanariadha wa kiwango chake, miguu ya mbio ndefu hujengwa kwa miaka.

Watanzania wengi wanamkumbuka pia John Stephen Akhwari katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akamaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kisa hicho husimuliwa ili kuwahimiza watu wasikate tamaa, na kinastahili kusimuliwa. Lakini tusikitumie vibaya. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyejiandaa, akapatwa na ajali na hewa nyepesi ya mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hakwenda pale bila maandalizi kwa kutegemea moyo wa ushujaa. Mtu asiye na mazoezi anayejilazimisha kuendelea huku anapepesuka hafanyi alichofanya Akhwari.

Mfano wa karibu zaidi na mtu wa kawaida ni safari ya Mwalimu Nyerere ya Oktoba 1967, alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Umbali ule unazidi kilomita 200. Hakuumaliza kwa kukimbia wala kwa siku moja. Aliugawa kwa siku, akatembea, akapumzika, akaendelea. Umbali mrefu huwezekana pale mtu anapokubali mwendo unaolingana na mwili wake.

Kwanza jiulize kama unapaswa kushiriki

Kabla ya kupanga mazoezi, jibu maswali yafuatayo kwa ukweli. Je, umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukiwa unafanya kazi ya nguvu? Je, katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Je, una shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo? Je, u mjamzito, au umejifungua karibuni? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, nenda kituo cha afya ukapimwe kabla ya kuendelea. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu afanye hivyo hata kama anajiona mzima.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada. Eneo hili ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye watu wengi waliorithi vinasaba vya selimundu. Mgonjwa wa selimundu hujijua kwa sababu huugua mara kwa mara. Aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi bila dalili na mara nyingi hajui. Mtu huyo anaweza kufanya mazoezi kama wengine, lakini akijikamua kupita kiasi katika joto, bila maji na bila kujizoeza, misuli yake inaweza kuharibika na akaanguka. Kipimo ni cha damu. Ikiwa katika familia yenu yupo mwenye selimundu, pima, kisha umweleze mhudumu wa afya wa mbio hizo.

Vilevile, usikimbie ukiwa na homa. Malaria ipo katika mkoa wetu mwaka mzima, na mbio zinaweza kuugeuza ugonjwa mdogo kuwa dharura. Aliyemaliza dawa juzi asikimbie Jumapili hii.

Kubadilisha umbali si kushindwa

Njia iliyo salama kuliko zote kwa mwenye mazoezi haba ni kuomba kuhamishiwa umbali mfupi. Mbio nyingi zina kilomita 5 na 10 sambamba na kilomita 21. Mwulize mwandaaji mapema, kwa maandishi, iwapo mabadiliko yanaruhusiwa na iwapo yana gharama. Mtu mzima mwenye afya anayeweza kutembea kwa haraka kwa saa nzima anaweza kumaliza kilomita 5 kwa usalama, na kilomita 10 kwa kuchanganya kutembea na kukimbia. Kwa kilomita 21, pungufu ya wiki nane za maandalizi ni kujibahatisha. Kwa kilomita 42, jibu letu kwa asiye na mazoezi ni moja tu: subiri mwaka ujao.

Ukiwa umeamua kubaki na kilomita 21 baada ya kuyapima yote hayo, panga kutembea tangu mwanzo. Jeff Galloway, Mmarekani aliyeshiriki Olimpiki ya mwaka 1972, aliwafundisha maelfu ya watu wa kawaida utaratibu huu: kimbia taratibu kwa muda mfupi, tembea kabla hujachoka, kisha rudia. Anza, kwa mfano, kwa kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 1. Jambo la msingi ni kutembea kuanzia kilomita ya kwanza. Anayengoja hadi miguu ikatae amechelewa.

Fanya hesabu ya muda. Ukienda kwa wastani wa dakika 8 kwa kilomita, kilomita 21.1 zitakuchukua takribani saa 2 na dakika 49. Mbio zikianza saa 12:30 asubuhi, utamaliza saa 3:19, jua likiwa tayari limekaza. Mbio zikichelewa kuanza kwa saa moja kwa ajili ya kumsubiri mgeni rasmi, utakimbia nusu yake juani. Uliza pia muda wa mwisho wa kumaliza, kwa kuwa baada ya hapo barabara hufunguliwa na vituo vya maji huondolewa.

Wiki tatu zilizobaki

Wiki tatu hazitoshi kujenga mwili mpya, ila zinatosha kuuzoesha ule ulio nao. Katika wiki ya kwanza toka mara tatu, kila mara dakika 30 za kuchanganya kutembea na kukimbia, na siku moja ya mwisho wa wiki fanya saa moja. Katika wiki ya pili rudia hivyo hivyo, na mwisho wa wiki fanya saa moja na nusu. Katika wiki ya tatu punguza kwa nusu, na siku mbili za mwisho pumzika. Kosa kubwa la wengi ni kujaribu kufidia miezi iliyopotea katika wiki ya mwisho. Mazoezi ya wiki hiyo hayakuongezei nguvu siku ya mbio. Yanakuongezea uchovu.

Kipimo cha kasi ni maongezi. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, umekwenda mbio mno. Maumivu ya jumla ya misuli siku inayofuata ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, hasa kwenye mfupa au ungio, yanayozidi kadiri unavyoendelea, ni amri ya kusimama.

Chagua njia kwa uangalifu. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inayopita Bunda ina mabasi na malori. Kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto, kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokuja, na uvae nguo ya rangi inayong'aa alfajiri. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo huingia mashambani usiku, kwa hiyo usitoke peke yako kabla ya kupambazuka. Anayejizoeza kwenye tambarare ya Musoma na kushiriki mbio za Butiama akumbuke kwamba huko kuna vilima, naye apande kwa kutembea. Baada ya mazoezi, usijitose ziwani ili kujipoza. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho, na baadhi ya maeneo yana mamba.

Viatu na mavazi

Si lazima kununua raba za bei kubwa. Wengi wetu hununua viatu vya mtumba, na humo vimo vizuri. Kagua soli: iliyolika upande mmoja itakupinda mguu. Bonyeza sehemu ya kisigino, na ikiwa ngumu kama ubao, kiatu hicho kimekwisha hata kama juu kinang'aa. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kwa viatu vipya, jihadhari na bidhaa bandia: jina lililokosewa herufi, gundi iliyomwagika, bei iliyo chini mno. Dai risiti ili uweze kuvirudisha.

Kanuni moja haina ubishi: siku ya mbio usivae kitu ambacho hujakifanyia mazoezi. Hata fulana uliyopewa na mwandaaji, ifue na ukimbie nayo kwanza. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana, yaani mapajani, makwapani na vidoleni, ili kuzuia michubuko na malengelenge.

Chakula, maji na dawa

Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichokizoea, kama ugali au wali na samaki, na usijaribu pishi geni. Asubuhi, saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza, uji, mkate au viazi vitamu vinatosha. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, beba kitu chenye sukari, kama ndizi mbivu au tende.

Kunywa maji kadiri ya kiu, mafunda machache katika kila kituo. Ukosefu wa maji ni hatari, lakini maji kupita kiasi nayo ni hatari, na hili halijulikani na wengi. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya mwilini. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno hadi uzito ukaongezeka njiani, na waliochukua zaidi ya saa nne. Mkimbiaji wa polepole ndiye mwenye nafasi ya kunywa kupita kiasi. Maji ya chupa yawe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kizibo kiwe hakijafunguliwa.

Wapo wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Usifanye hivyo. Mwili ukiwa na joto na upungufu wa maji, dawa hizo huweza kudhuru figo, tena hukuficha maumivu ambayo yangekuonya. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi navyo huusukuma moyo ambao tayari una kazi kubwa.

Haki zako kwa mwandaaji

Kabla ya kulipa, fahamu jina kamili la mwandaaji, mahali anapopatikana, na kama mbio zina kibali cha mamlaka za michezo. Ukilipa kwa simu, hakiki jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Kisha uliza mambo matano: vituo vya maji viko kila baada ya kilomita ngapi, gari la wagonjwa lipo na litakaa wapi, barabara itafungwa au magari yatapita, ada inarudishwa au kuhamishwa nani akiugua au mbio zikiahirishwa, na fomu unayosaini inakuondolea haki gani. Fomu nyingi husema mshiriki anashiriki kwa hiari yake. Isome yote, na usisaini niaba ya mwenzako, kwa sababu mtu anayekimbia kwa namba ya mwingine huhudumiwa kwa taarifa za kiafya zisizo zake.

Mwandaaji aliyetangaza medali, maji na huduma ya kwanza hana budi kuvitoa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa. Usiporidhika, mwandikie mwandaaji kwanza ukiambatisha risiti na tangazo. Asipojibu, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Dalili za kusimama mara moja

Simama na uombe msaada ukibanwa kifua, ukipata kizunguzungu, ukitapika, ukiacha kutokwa na jasho huku mwili unawaka, au ukisikia baridi juani. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kwenda mrama, usimhimize aendelee. Huenda ni kiharusi cha joto, na dakika ni chache. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Mpoze kwanza, ndipo asafirishwe. Usimnyweshe maji mtu aliyechanganyikiwa au kuzimia. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka hadi wahudumu wafike.

Turejee kwa mtumishi wetu wa Bunda. Akiomba kuhamia kilomita 10, akatoka mara nne kwa wiki, akaacha dawa za maumivu na kutembea tangu mwanzo, ana kila sababu ya kufika mwisho akicheka na wenzake. Siku ya mbio goti likikataa, apande gari la waandaaji bila kuona haya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Madawati yatakuwa yamekwisha kuchangiwa kwa ada yake, na Jumatatu atarudi kazini mzima, akiwa na mwaka mmoja wa kujiandaa mbele yake.